Karai Chini ya Mkunazi

Abu Hamour, Doha
Ijumaa, 10 Januari 2025

Mwanangu Jeptoo,

Chamgei. Barua yako nimeipata. Madam Loice aliipiga picha vizuri, lakini mwandiko wako ni mdogo kama wa mtu anayeibia mtihani. Mimi unajua niliachia darasa la sita. Ilibidi Harun anisomee, na alipofika ulipoandika "Baba mpendwa" alirudia mara mbili kwa sauti ya kike ili anikere. Huyu Harun ni bawabu wa hapa, mtu wa Mumias. Tunakaa chumba kimoja mwaka wa tatu sasa. Yeye analinda geti usiku, mimi niko bustanini mchana. Nikiamka, yeye ndiye anaingia kulala.

Kwa kuwa shule hairuhusu simu, tufanye ulivyosema. Mimi nitaandika kwenye karatasi Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, nipige picha nimtumie Madam. Yeye achapishe akupe Jumapili. Wewe ujibu hivyo hivyo. Naandika Kiswahili kwa sababu Harun anataka kusikia na Madam naye anapitia. Usiseme nimesahau lugha ya nyumbani.

Umeuliza kama jangwani kuna ndege wa kuhesabu kwa ajili ya klabu yenu. Kiangazi hakuna. Kiangazi hata nzi anatafuta kivuli. Lakini sasa ni majira ya baridi, alfajiri vidole vinakataa kushika mpira wa maji, kama kwetu mwezi wa saba. Baridi ikija ndege wanakuja. Hapa ni kompaundi ya nyumba kumi na mbili, ukuta mrefu pande zote, bwawa la kuogelea katikati, na nyasi ninazomwagilia maji kila siku. Nje ya ukuta ni vumbi na magari. Kwa hiyo ndege wote wa mtaa huu wanakuja kwangu.

Nyuma ya bwawa kuna mkunazi mmoja mkubwa. Nimeweka karai kuukuu chini yake. Nusu maji, nusu mtama, na wali wa Harun unaobaki. Leo asubuhi nimehesabu hivi: tetere tisa. Shomoro hawatulii, andika ishirini. Kasuku wa kijani wawili, wana kelele kama wapangaji wanaogombana. Weusi wenye mdomo wa njano wanne. Hawa Harun anawaita askari, maana wanatembea badala ya kuruka na wanakagua kila kitu. Na mmoja mdogo, kijivu na mweupe, anatikisa mkia kila akisimama. Jina simjui. Yuko peke yake.

Harun anasema nikuambie kwao tetere hahesabiwi, anachinjwa. Nimemwambia akigusa ndege wa shule nitamshtaki kwa Madam. Amesema, "Mnandi, wewe umezoea maziwa, nyama ya ndege utaijulia wapi?"

Soma kwa bidii. Mimi ni mzima, ni mgongo tu.

Baba yako,
Daudi Mutai


Jumapili, 19 Januari 2025

Baba mpendwa,

(Anko Harun, tafadhali isome hii kwa sauti yako mwenyewe.)

Hesabu yako imebandikwa ukutani kwenye maabara ya biolojia. Imeandikwa "D. Mutai, Doha." Wasichana wengine wameleta za Eldoret na Kisumu, na Winfred ana mjomba Mombasa, lakini yangu ndiyo ya mbali kuliko zote. Watu walisimama kuisoma. Walicheka kuhusu wapangaji wanaogombana, lakini walicheka vizuri.

Madam amefurahi sana, ila amesema kuna jambo moja. Uweke chakula mahali pamoja, saa ile ile, kila siku bila kukosa. Ndege wakizoea kwamba chakula kipo na hakuna anayewadhuru, wote watatoka, na hesabu itakuwa ya kweli. Amesema inachukua wiki mbili hivi.

Yule mdogo anayetikisa mkia hali nafaka. Anakula wadudu. Madam anasema anatoka Ulaya kukimbia baridi, na wengine wa aina yake hufika hadi huku kwetu. Kwa hiyo mwangalie. Akiondoka kwako, mwambie apitie Nandi.

Mwisho wa Machi kuna siku ya wazazi, na mimi nimechaguliwa kusimama na kueleza jedwali lako lote tangu mwanzo hadi mwisho. Najua wewe hutakuwepo na Mama atakuja peke yake. Lakini ni kama utakuwepo. Usikose hata wiki moja, Baba.

Binti yako,
Jeptoo


Abu Hamour
Ijumaa, 24 Januari 2025

Mwanangu Jeptoo,

Tumefanya kama Madam alivyosema. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, na saa kumi jioni. Karai lile lile. Siku mbili za kwanza walikuwa wanangoja niondoke. Sasa hawangoji. Nikitikisa mkebe wa mtama wanashuka nikiwa bado nimeinama. Jana tetere mmoja alisimama kwenye buti langu.

Andika: tetere ishirini na mmoja. Shomoro arobaini na kitu. Kasuku watano. Askari saba. Mtikisa mkia mmoja. Na Jumanne alikuja hudihudi, wa kweli, mwenye kilemba kichwani. Harun alikuwa ndiyo anatoka zamu, alisimama na viatu mkononi hadi yule ndege alipoondoka. Akaniambia huyo ametajwa kwenye Kurani, hapigwi jiwe. Nikamuuliza, na tetere je? Akasema, "Tetere hajatajwa popote, huyo ni wangu."

Anamtumia mkewe sauti kila siku kumweleza habari za ndege. Mkewe anaitwa Faridah, yuko Mumias na watoto watatu. Juzi nilimsikia mama huyo kwenye simu akicheka, anasema, "Nilikutuma Arabuni ukalinde watu, wewe umekuwa mlinzi wa njiwa."

Jumatano alikuja Arnold. Arnold ni supavaiza wetu wa kampuni, Mkenya mwenzetu, anazunguka kompaundi sita kwa gari. Alisema mama wa nyumba namba saba analalamika. Ndege wanachafua gari lake jeupe na viti vya kando ya bwawa. Nilijua sasa nitafokewa kwa sababu ya karai. Lakini Arnold alisimama tu chini ya mkunazi akiwatazama wanavyokula.

Akasema, "Wamekuzoea sana, Mutai."

Nikasema ndiyo, bosi.

Akasema, "Vizuri. Usiache kuwalisha."

Nimefurahi. Nilidhani yeye ni mtu wa roho ngumu.

Baba yako,
Daudi Mutai


Jumapili, 2 Februari 2025

Baba mpendwa,

Tuko kwenye mitihani ya kufungulia muhula, kwa hiyo hii ni fupi. Jedwali sasa lina rangi. Hudihudi nimemchora mwenyewe, kilemba kimetoka kama sega la jogoo lakini nimekiacha.

Mwambie Arnold asante kutoka kwa klabu nzima. Madam anasema watu wengi wenye bustani wangewafukuza.

Nangoja za wiki hii.

Jeptoo


Abu Hamour
Ijumaa, 7 Februari 2025

Mwanangu Jeptoo,

Natumaini mitihani ilikwenda vizuri.

Hesabu ni hizi. Jumatatu tetere ishirini, shomoro arobaini, kasuku watano, askari saba. Jumanne tetere ishirini, shomoro arobaini, kasuku watano, askari saba. Jumatano tetere ishirini, shomoro arobaini, kasuku watano, askari saba. Alhamisi hivyo hivyo. Mtikisa mkia yupo.

Wengine wiki hii niliwaona kama wamelewa. Wanatembea chini, hawaruki. Nadhani ni upepo wa kaskazini, umevuma sana.

Barua yako sikuielewa yote maana hakuna wa kunisomea. Harun anaumwa. Jumanne alitapika sana, akawa anatoka jasho kama bomba na macho yamekuwa madogo. Yuko hospitali, amewekewa mashine ya kupumua. Daktari aliuliza amekula nini, nikasema nadhani ni kuku wa mkahawani. Muombee.

Mama yako usimwambie mambo haya, atakosa usingizi.

Baba


Jumapili, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Naandika haraka kwa sababu Madam amesema ataituma leo hii hii, hatangoja.

Tulisoma barua yako pamoja. Mimi nilitaka kumuuliza mbona siku nne zote zina nambari zilezile, lakini yeye aliruka hapo, akasoma pale uliposema ndege wamelewa. Akapasoma tena. Kisha akasema ndege halewi kwa upepo, Baba. Hiyo ni sumu. Amesema kwenye mashamba ya mpunga kule kwao magharibi watu huwekea ndege dawa kwenye nafaka. Ndege hafi mara moja, anakuwa mzito, anashikwa kwa mkono. Na watu huwaokota wakala kwa sababu wako hai. Madam alikuwa na jirani aliyepoteza mtoto hivyo.

Baba, labda jirani wa hapo ameweka sumu na wewe hujui. Angalia kwenye karai kama kuna mbegu yenye rangi. Uimwage, unawe mikono.

Na kuna jambo jingine. Uliniambia Anko Harun anapenda kula tetere. Madam anauliza, una hakika ni kuku? Amesema nikuandikie kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe:

KUNA DAWA YA SUMU HIYO HOSPITALI. LAKINI DAKTARI LAZIMA AAMBIWE MAPEMA.

Kama alikula ndege, mwambie daktari leo. Hata kama unaogopa kukosea. Nenda leo.

Jeptoo


Abu Hamour
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mwanangu Jeptoo,

Harun amefariki jana saa tisa mchana.

Barua yako niliisoma mwenyewe, ya kwanza ambayo nimeisoma peke yangu hadi mwisho. Zile herufi kubwa nilizisoma nikiwa nimesimama. Nilikwenda hospitali Jumapili ile ile. Kuna nesi wa kwetu anaitwa Milcah, alinitafsiria kwa daktari. Nikasema alikula ndege na ndege walikuwa na sumu. Nikatoa mfuko uliobaki na dawa. Daktari aliuangalia, akamuuliza Milcah ni tangu lini. Milcah akasema Jumanne. Daktari hakunifokea. Alisema siku ya kwanza ingekuwa kitu kingine. Walimpa dawa hiyo, lakini kichwa chake kilikuwa kimekosa hewa muda mrefu.

Sasa nikuambie, maana wewe ndiye uliyeniandikia ukweli.

Si jirani. Ni mimi. Jumatatu tarehe tatu Arnold alileta mtama wa rangi ya buluu kwenye mfuko usio na maandishi. Akasema, "Weka kwa karai lako. Kesho alfajiri ukusanye kabla watoto hawajaamka. Na usimwambie mtu, hata bawabu. Dawa hii hairuhusiwi, na wenye nyumba wakijua tunarudi nyumbani sote, tukianza na wewe." Ndiyo maana alisema nisiache kuwalisha.

Ningekataa. Najua. Lakini nilifikiria wewe uko kidato cha pili, na mgongo wangu huu hakuna mwingine atakayeuajiri. Niliwatikisia mkebe ule ule saa kumi jioni. Walishuka kama kawaida.

Harun sikumwambia. Nilimwonea aibu, maana yeye ndiye aliyeleta mtama wa kwanza. Alfajiri nikakusanya ndege kwenye mfuko mweusi, nikaona ni wachache kuliko nilivyotarajia. Nikafikiri wengine wameponea. Kumbe Harun alikuwa amewapata karibu na geti mwisho wa zamu yake. Angewakuta wamekufa asingewagusa, nyamafu kwao ni haramu. Lakini walikuwa wanapumua. Akawachinja kwa bismillahi, kila kitu sawasawa.

Niliporudi chumbani saa kumi na moja jioni alikuwa anatapika tayari. Daktari alipouliza, niliona uso wa Arnold, nikasema kuku.

Nambari za wiki ile ni za uongo. Nilizibuni. Jumanne tetere hakuna. Shomoro hakuna. Kasuku sijui. Mtikisa mkia yupo, kwa sababu hali nafaka.

Arnold alimpigia mke wa Harun jana. Alimwambia ni moyo, umesimama ghafla, ndivyo ilivyoandikwa kwenye cheti. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Akanipa simu, nikasema, "Pole sana, shemeji." Yeye akanishukuru kwa kumtunza.

Mwili unasafirishwa Jumatatu. Cheti kinataja moyo tu, lakini daktari ameandika habari ya sumu kwenye faili, amesema polisi wataniita.

Usimwonyeshe mama yako. Nitamwambia mwenyewe.

Baba


Jumapili, 23 Februari 2025

Baba,

Jumapili iliyopita Madam alinipa karatasi na kalamu, nikamrudishia.

Nimeondoa jedwali ukutani. Madam alisema si lazima. Nilisema nitalirudisha likiwa sahihi. Nimekata nambari zako za wiki ile kwa wino mwekundu, nikaandika sifuri, na pembeni nikaandika sababu. Siku ya wazazi nitalisoma hivyo hivyo. Mama atakuwa amekaa mbele, kwa hiyo mwambie kabla ya siku hiyo.

Mimi ndiye niliyekuambia uwazoeshe. Mahali pamoja, saa ile ile. Nimelifikiria hilo kila siku darasani. Usiniandikie kwamba si kosa langu, najua si langu. Lakini nililiandika kwa mkono wangu.

Umesema umeniambia kwa sababu mimi nilikuandikia ukweli. Yule mama wa Mumias naye anangoja ukweli, tena hajui kama anangoja. Wanawe wataambiwa baba yao alikuwa na moyo mbovu, na siku moja watajipima moyo wao. Alikushukuru, Baba. Ulinyamaza.

Kwa hiyo Ijumaa hii usiniandikie mimi. Mwandikie yeye. Na uandike yote, kama kuna kitu ulichoniachia mimi nisijue.

Jeptoo


Abu Hamour
Ijumaa, 28 Februari 2025

Kwa shemeji Faridah, Mumias,

Mimi ni Daudi Mutai, niliyekuwa nikikaa na Harun. Barua hii nimempa Phoebe, dada wa Butere anayerudi kwa likizo, akupe mkononi. Amebeba pia msala wake, redio, na picha za watoto zilizokuwa ukutani. Nimezibandua polepole, hazikuchanika. Tafadhali kaa chini kabla ya kusoma. Kama kuna mtu mzima hapo nyumbani, akae nawe.

Mume wako hakufa kwa moyo. Alikufa kwa sumu, na sumu niliiweka mimi.

Niliiweka kwenye nafaka ya ndege, kwa amri ya supavaiza, yule Arnold aliyekupigia. Si kwa Harun. Lakini Harun aliwaokota wale ndege wakiwa bado hai, akawachinja, akawapika. Mimi nilikuwa nimekatazwa kumwambia, na sikumwambia. Hospitali waliponiuliza amekula nini, nikasema kuku. Kwa siku tano nilisema kuku. Daktari anasema siku ya kwanza pengine wangemwokoa. Ulipokuwa unanishukuru kwenye simu, haya yote nilikuwa nayajua.

Polisi wameniita mara mbili. Nimewaeleza. Arnold amesema yeye hajui kitu, ati dawa niliitafuta mwenyewe. Pasipoti yangu wanayo. Kesho Ramadhani inaanza, kwa hiyo wameniambia nirudi Jumatatu. Sijui watanifanya nini. Ukitaka kunishtaki huko Kenya, jina langu kamili na kijiji changu nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Sitakimbia.

Kuna jambo moja ambalo sikuliandika kwa mtu yeyote, hata kwa binti yangu. Yeye nilimwambia kwamba nilirudi chumbani jioni, nikamkuta Harun ameshaanza kutapika. Si kweli. Nilirudi pia saa sita mchana, kwa chakula.

Siku hiyo Harun hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kitandani na kanzu yake ya nyumbani, anacheka peke yake, chumba kizima kinanukia nyanya na bizari. Alikuwa mzima kabisa, shemeji. Nataka ujue alikuwa na furaha. Akasema, "Mnandi, leo utakula chakula cha wanaume." Akaniambia firigisi amekula zake zote, maana hapa ndani yeye ndiye mwenye nyumba. Lakini alikuwa amenibakizia sahani, ameifunika na sahani nyingine.

Nikafunua. Kulikuwa na ugali, mapaja ya ndege, na juu yake firigisi mbili. Unajua kwenu firigisi ni ya mwenye nyumba, hapewi mtu hivi hivi. Ni ndogo mno za tetere, hakuwa amezipasua. Mimi nikaipasua moja kwa kijiko, na ndani nikaona rangi ya buluu.

Nilijua saa hiyo hiyo. Hospitali si mbali, ni dakika kumi kwa gari. Nilijiambia moto unaua kila kitu. Nilijiambia yeye ni mtu mwenye nguvu, labda ataharisha tu. Nilifikiria kazi. Yote hayo niliyafikiria nikiwa nimeshika kijiko, na yeye ananitazama, anangoja nionje.

Akaniuliza, "Vipi, ndugu yangu, huli?"

Nikafunika sahani. Nikamwambia nimeshiba.

Daudi Mutai